Viziba masikio vya sponji kwa wapangaji wa ghorofani Dodoma

Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wengi wetu tuliofuata kazi tumepanga katika majengo ya ghorofa, ambamo ukuta mmoja hutenganisha kitanda changu na televisheni ya jirani. Viziba masikio vya sponji, vile laini vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na baadhi ya maduka ya dawa, nimevitumia katika mazingira hayo, na tathmini yangu ni kwamba vinafaa sana dhidi ya sauti za watu, ila dhidi ya mtikisiko wa sakafu havisaidii.

Mazungumzo, taarifa ya habari na kilio cha mtoto hutufikia kwa njia ya hewa, kwa hiyo kizibo kilichokaa sawasawa huvipunguza hadi mtu akapata usingizi. Besi ya spika na kishindo cha mchi kwenye kinu husafiri ndani ya zege, hupita ukutani na kitandani hadi kwenye mifupa ya kichwa, na sponji iliyo sikioni haiwezi kuvizuia.

Pakiti nyingi hutaja upungufu wa sauti wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 30 au zaidi. Kiwango hicho hupimwa maabara, na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilishauri mwaka 1998 kwamba kwa vizibo vya sponji kiwango hicho kipunguzwe kwa nusu ili kukaribia hali halisi. Hata nusu hiyo si haba, kwa kuwa sauti ikipungua kwa desibeli 10 sikio huihisi kama imepungua kwa nusu.

Uvaaji ndio huamua kila kitu. Kizibo husokotwa kwa vidole safi na vikavu hadi kiwe chembamba, sikio likavutwa juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kisha kikaingizwa na kushikiliwa kwa kidole kwa takriban nusu dakika kinapotanuka. Kikiachwa nje nusu, kelele nyingi huingia.

Sababu kubwa ya kuvipendekeza hapa kwetu ni joto. Mapazia mazito na mipira ya kuziba nyufa za milango hupunguza kelele pale tu chumba kinapofungwa, na usiku wa Oktoba au Novemba Dodoma, kulala madirisha yakiwa yamefungwa ni mateso. Ukivaa kizibo, dirisha linaweza kubaki wazi upepo uingie.

Kuhusu kinu, kilichonisaidia ni kumwamkia mama anayeishi juu yetu na kumwomba kwa adabu atandike kipande cha godoro kuukuu chini ya kinu chake. Alikubali bila kinyongo, na kishindo kikapungua kwa kiasi ambacho kizibo hakikuwahi kufikia. Spika zinazovuma hadi usiku wa manane ni suala la mwenye nyumba na uongozi wa mtaa, na ikishindikana, NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, kwa kuwa kanuni za mwaka 2015 zinadhibiti kelele na mitetemo.

Mwenye sikio linalotoa usaha asivitumie, na wazazi wa mtoto mchanga wasivivae wote wawili kwa pamoja. Vumbi la kiangazi hunata kwenye sponji, hivyo vihifadhiwe katika kikasha chenye kifuniko, na vikikakamaa vitupwe.