Uso wa The Vivienne: bidhaa zinazohimili kamera, barafu na jukwaa la maigizo

Karibuni watazamaji. Leo mezani nina gundi ya kijiti, rangi ya chungwa ya kusahihisha ngozi, faundesheni ya kijiti, poda mbili na wigi la lesi. Hivi ndivyo vifaa vya kazi vya malkia wa dragi, msanii anayepanda jukwaani kwa sura ya mwanamke aliyetiwa chumvi kila mahali: nyusi, midomo, nywele mpaka nyonga. Nitavipima kwa kazi ya mtu mmoja, The Vivienne wa Uingereza, kwa sababu ndani ya miaka mitano tu uso wake ulifanya kazi kwenye studio ya televisheni, kwenye uwanja wa barafu na kwenye jukwaa la maigizo. Mazingira hayo matatu hayafanani hata kidogo. Bidhaa inayokupendezesha kwenye moja inakuharibia kwenye jingine, na wengi wananunua vipodozi bila kujiuliza vinakwenda kutumika wapi.

Kwa ambaye hamjui: alizaliwa mwaka 1992, jina lake James Lee Williams, akakulia kaskazini mwa Wales, kisha akiwa bado kijana mdogo akahamia Liverpool. Jina la jukwaani lilitokana na mapenzi yake kwa nguo za mbunifu wa mitindo Vivienne Westwood. Miaka mingi alikuwa msanii wa kumbi za usiku za Liverpool, na vipodozi alivifanyia kazi kabla havijawa sehemu ya umaarufu wake. Hilo lishikeni, kwa sababu ndilo linaloeleza yote yaliyofuata. Mwaka 2015 aliteuliwa kuwa balozi wa RuPaul's Drag Race, shindano la televisheni la malkia wa dragi lililoanzia Marekani, kwa Uingereza, miaka minne kabla toleo la nchi hiyo halijaanza.

Toleo lenyewe lilianza BBC Three tarehe 3 Oktoba 2019, na washindani 10. BBC inaendeshwa kwa ada ya leseni na haichukui matangazo ya biashara, kwa hiyo hakukuwa na kitita cha fedha wala zawadi za wadhamini kila wiki. Ukishinda jaribio unavalishwa beji, iliyotengenezwa kwa kuigiza beji za Blue Peter, kipindi cha watoto ambacho Waingereza wote wanakijua. Watu walisema beji haina thamani. Mimi naona ilifanya shindano kuwa safi zaidi, maana kilichobaki ni ufundi.

Na ufundi wake mkubwa ulikuwa kuiga watu. Kuna jaribio linaitwa Snatch Game: washindani wanakaa kwenye viti wakiwa wamevaa uhusika wa mtu maarufu, wanasomewa sentensi yenye pengo, wanajaza kwa papo hapo huku wakichekesha. The Vivienne alikuja na Donald Trump, mshindani mwenzake Baga Chipz akaja na Margaret Thatcher, na wote wawili wakapewa ushindi. Waingereza walikuwa na uzoefu wa mchezo wa namna hiyo: Blankety Blank, uliowahi kuongozwa na Lily Savage, uhusika wa marehemu Paul O'Grady wa Birkenhead, ng'ambo tu ya mto Mersey kutoka Liverpool. Fainali The Vivienne alikutana na mshindani mwenzake Divina De Campo kwenye pambano la kuigiza kuimba kwa midomo tu, wimbo wa Wham!, "I'm Your Man", akachukua taji.

Sasa tuingie mezani.

Gundi ya kijiti, hii hii ya shuleni. Uingereza inayopatikana kila duka ni Pritt. Marekani wanaipenda Elmer's ya zambarau, kwa sababu inapakwa ikiwa na rangi na ikikauka rangi inapotea, hivyo unaona ulipofika na unajua imekauka. Kazi yake ni kulaza nyusi mpaka zitoweke, ili uchore mpya juu ya zile za asili na jicho lipate uwanja mpana wa rangi.

Nasogeza kamera, tazameni vizuri hapa. Nyusi imeoshwa kwa sabuni, imekaushwa, imepitishwa pamba yenye spiriti kidogo, jicho limefumbwa. Mafuta yakibaki gundi haishiki. Napaka kwanza kinyume na nywele zinavyolala, ili gundi ifike kwenye mizizi. Halafu nachana kwenda juu kwa kibrashi, nabana kwa ubapa wa kijiko cha plastiki mpaka nywele zilale chapa. Tabaka jembamba sana. Dakika mbili au tatu, limekauka, tabaka la pili. Nyusi nyingi zinaridhika na tabaka tatu. Nyusi nene zitataka tano. Ikishakauka kabisa, poda, ukibonyeza tu bila kusugua.

Kosa kubwa ni kuharakisha kwa tabaka moja nene. Juu linakauka, ndani bado bichi, na ukipandisha paji la uso kucheka, linapasuka katikati na nywele zinachomoza. Kosa la pili ni kumwagia poda gundi ambayo bado inanata: unapata vidonge ambavyo faundesheni haivifichi, inavionyesha zaidi. Kwenye studio, ambako una kiti, kioo na muda wa kurekebisha, gundi hii naipa alama 9 kati ya 10. Lakini inayeyuka kwa maji, na jasho ni maji. Kwa barafu au jukwaa naishusha hadi 5, isipokuwa uifunike juu kwa kioevu cha kuziba kinachouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya maigizo, upake mara mbili na kuacha kikauke.

Rangi ya chungwa. Ndevu zikinyolewa hubaki kivuli cha samawati au kijivu chini ya ngozi, na faundesheni pekee ikipakwa juu yake inageuka majivu. Chungwa ni kinyume cha samawati, kwa hiyo kinakiua kile kivuli. Ngozi nyeupe inataka chungwa la pichi, ngozi ya maji ya kunde chungwa kamili, ngozi nyeusi chungwa linaloelekea wekundu wa tofali. Unabonyeza kwa kidole palipo na kivuli tu, siyo shavu zima, unapiga poda, ndipo faundesheni ifuate. Ukiruka ile poda ya katikati, rangi mbili zinachanganyika na kidevu kinatoka cha machungwa mbele ya kamera. Wapambaji wetu wa maharusi wanakijua kitu hiki kwa kuficha weusi wa chini ya macho. Kanuni ni ile ile.

Faundesheni hii ni TV Paint Stick ya Kryolan, kampuni iliyoanzishwa Berlin mwaka 1945. Kijiti ni gramu 25, na kinadumu, kwa sababu rangi iliyomo ni nzito. Ndiyo sababu kinaharibu nyuso za wasiokizoea: wanachora mistari uso mzima, wanasambaza, wanapata sura ya plasta. Paka vitone, sambaza kwa kisponji chenye unyevu, ongeza pale tu panapohitaji. Kwenye Drag Race washindani hujipaka wenyewe, na kamera za sasa zinaonyesha kila mkunjo kando ya mdomo, kwa hiyo hapo tabaka liwe jembamba. Jukwaani mambo yanageuka. Mtu wa kiti cha nyuma lazima asome uso wako, basi kivuli cha chini ya shavu kiwe kizito kuliko unavyodhani ni sawa ukiwa mbele ya kioo. Kwa jukwaa bidhaa hii ni 9. Kwa kamera ya karibu ni 7. Kwenye baridi ya uwanja wa barafu kijiti kinakuwa kigumu na kinavuta ngozi. Kipashe kwanza nyuma ya kiganja.

Poda. Hapa kuna hii nyeupe laini ya silika na hii ya manjano ya ndizi. Ya silika mkononi ni tamu, inafuta vitundu vya ngozi kabisa. Tatizo ni mwanga wa kamera ya picha. Chembe zake zinarudisha mwanga mkali moja kwa moja kwenye lenzi, na picha inatoka na mabaka meupe chini ya macho na kwenye pua. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo yanaonekana maradufu. Mtu anayeishi mbele ya wapiga picha hawezi kuibahatisha poda hii. Kipimo chake: ingia chumba chenye giza, jipige picha kwa simu ukiwa umewasha mwanga wa kamera, kabla hujatoka nyumbani. Ya ndizi haina tabu hiyo, na chini ya macho unaweza kuilundika, ukaiacha dakika tano hadi kumi, kisha ukaifagia. Ya silika naipa 4, ya ndizi 8.

Tunafika kwenye wigi, na hapa naomba muda wenu. Mwaka 2022 The Vivienne alirudi kwenye All Stars 7 nchini Marekani, msimu wa washindi watupu, wanane, na yeye peke yake ndiye aliyetokea nje ya toleo la Marekani. Jinkx Monsoon alitwaa taji na dola 200,000. Halafu Januari 2023 The Vivienne akaingia Dancing on Ice ya ITV, shindano la watu maarufu kucheza wakiteleza kwenye barafu, akiwa malkia wa dragi wa kwanza kushindana humo, mwenzake wa kuteleza akiwa Colin Grafton. Wakamaliza wa tatu. Kile kipindi kilirushwa moja kwa moja kutoka Bovingdon, Hertfordshire. Wigi likichomoka hapo hakuna kurudia.

Wigi refu la dragi mara nyingi ni mawigi mawili au matatu yaliyoshonwa pamoja ili yapate ujazo. Ukiwa umesimama, linapendeza. Ukizunguka juu ya barafu, uzito huo unakimbilia nje na kuvuta kila kilichoushika. Kwa hiyo kwa mchezo wa mwendo: wigi moja tu, jepesi, mtindo ulio karibu na kichwa, nywele ndefu zimefungwa. Chini yake, nywele zako zisokotwe vifundo vidogo vilivyobanwa kwa pini mbili zinazokatana, ili pini za wigi zipate pa kushika: mbili mbele karibu na masikio, mbili kisogoni, moja utosini. Aliyenyoa kipara hana vifundo. Huyo anategemea mkanda wa mpira ndani ya wigi na gundi ya kuzunguka.

Tazameni lesi ya mbele, ule wavu mwembamba uliofungiwa nywele za ukingo wa wigi. Hii nyembamba ni lesi ya Uswisi, inapotea kabisa kwenye ngozi lakini inachanika ukiivuta vibaya mara moja. Hii ngumu kidogo ni ya Kifaransa, inaonekana kiasi, ila inastahimili kazi. Televisheni chukua ya Uswisi. Barafu na jukwaa, ya Kifaransa. Usikate ukingo kwa mstari ulionyooka. Kata kwa mawimbi madogo madogo, ukiacha nusu sentimita mbele ya nywele. Ukingo ulionyooka jicho linaukamata mara moja.

Gundi ya lesi nayo ipo ya namna mbili. Spirit gum ni ya utomvu, inashika haraka, lakini ikikutana na jasho inang'aa na kuvunjika. Ya akriliki, kama Pros-Aide, inapakwa nyeupe, unasubiri mpaka iwe angavu, ndipo unalaza lesi na kubonyeza kwa kitana. Ukilaza ikiwa bado nyeupe, unyevu unafungiwa chini na lesi inainuka baada ya muda mfupi. Akriliki inashinda wazi: 9 dhidi ya 5.

Sponji za kujaza nyonga napita haraka. Sponji ya makochi ya sentimita 2.5 hadi 5, ukate kuanzia kiunoni hadi juu ya goti, kingo zipunguzwe mpaka ziwe nyembamba kama karatasi, kisha stokingi nzito tatu au nne juu yake. Kingo zisipopunguzwa, mstari unaonekana hata chini ya gauni zito. Kwa kuteleza, punguza unene ubavuni, maana paja linahitaji kukunjika.

Baada ya barafu ilikuja kazi ninayoiona kubwa kuliko zote alizofanya: mchawi wa Magharibi kwenye mchezo wa muziki wa The Wizard of Oz, kwenye ziara ya Uingereza, na mwaka 2024 kwenye Gillian Lynne Theatre, London. Jukwaa la London kwa kawaida ni maonyesho manane kwa wiki. Shindano la televisheni unapaka uso leo, kesho unapumzisha ngozi. Maigizo hayakupi nafasi hiyo, na siku za maonyesho mawili uso wa mchana ndio unaokarabatiwa kwa ajili ya jioni. Hapo unaelewa kwa nini mtu aliyekwisha kuzoea kujipaka kila usiku kwenye vilabu vya Liverpool aliweza kuvuka kwenda huko.

Alifariki tarehe 5 Januari 2025 akiwa na miaka 32. Mwezi Machi familia yake ilisema wazi kwamba moyo ulisimama kutokana na matumizi ya ketamini, dawa ya usingizi ya hospitali ambayo watu huitumia pia kama dawa ya kulevya, na walisema hivyo ili wengine wajihadhari. Ninaiheshimu sana hatua yao.

Kama unaanza na fedha ni chache, nunua gundi ya kijiti na rangi ya chungwa kwanza, poda ya ndizi pili, faundesheni ya kijiti tatu. Wigi liwe la mwisho, kwa sababu wigi la bei mbaya juu ya uso uliopakwa hovyo ni hasara tupu.

Kuvua kunaharibu ngozi na vifaa kuliko kuvaa, basi fuateni hivi. Lesi iliyobandikwa kwa gundi ya akriliki: chovya brashi kwenye kiyeyushi chake, pitisha ukingoni, subiri sekunde thelathini, inue kuanzia kisogoni kuja mbele. Ikigoma, ongeza kiyeyushi, usivute. Nyusi: taulo yenye maji ya uvuguvugu, ishikilie juu ya jicho lililofumbwa dakika mbili, gundi iyeyuke yenyewe, ndipo ufute kufuata nywele. Mafuta ya kusafishia uso yaje baada ya hapo, kwa sababu gundi ya kijiti haiyeyuki kwa mafuta. Lesi iloweke kwenye spiriti, isugue taratibu kwa mswaki laini juu ya taulo, na uitundike kwenye kichwa cha sponji ikauke kabla ya kazi ya kesho.