King'ora cha Ajax katika nyumba ya Dar es Salaam: kifaa kizuri, ufungaji wa kusimamiwa

Kwa anayetafuta king'ora cha nyumbani jijini Dar es Salaam, hukumu yangu naiweka mwanzoni: mfumo wa Ajax, wa kampuni ya Kyiv nchini Ukraine iliyoanza mwaka 2011, ni kifaa kizuri chenye bei ya kuuma, na ubora wake wote unaweza kupotea mikononi mwa fundi asiyeuliza familia inalala wapi na mwizi atapitia wapi.

Bei hiyo ndiyo inayowafanya wengi wakimbilie seti nafuu za Kariakoo, zile zenye kisanduku cha ukutani, remoti mbili na vihisi vinavyotumia masafa ya megahezi 433. Sizibezi, kwa duka la chumba kimoja zinafaa. Kasoro yake kubwa ni kwamba katika nyingi kati ya hizo kihisi hutuma tu, hakipokei, hivyo betri yake ikifa kisanduku hakina namna ya kujua, nanyi mtaendelea kulala mkiamini mnalindwa. Vihisi vya Ajax huwasiliana na kisanduku kikuu kwa kutuma na kupokea, na kwa mpangilio wa kiwandani hujulishana hali kila baada ya sekunde 36. Nilipokibandua kimoja ukutani kwa kukijaribu, simu ilinipa taarifa kabla sijashuka kwenye stuli.

Umeme ukikatika, betri ya ndani hukiendesha kisanduku kwa saa nyingi, na toleo la Hub 2 nililolichukua lina nafasi ya laini mbili za simu pamoja na waya wa intaneti, jambo la maana mahali ambapo ruta huzimika pamoja na taa. Hapa ndipo yalipoanzia malalamiko yangu kwa kampuni iliyonifungia. Laini waliyoiweka ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole za fundi wao, akaunti ya msimamizi mkuu ilikuwa kwenye simu yake, na namba ya siri ya kuzimia ilikuwa 1234. Nilidai laini yenye jina langu na kifurushi ninachokilipia mwenyewe, fundi akaondolewa kwenye orodha ya wasimamizi, na namba ikabadilishwa. Cha ajabu, alinishangaa mimi.

Kuhusu mahali pa kuweka vihisi, walichopendekeza kwanza ni kihisi cha mwendo katika kila chumba, mpango unaofaa nyumba isiyo na watu. Nyumba zetu zina nondo madirishani na mlango wa grili unaofungwa kwa kufuli usiku, nasi tumo ndani. King'ora kinacholia mwizi akiwa tayari sebuleni kimechelewa, kwa sababu anayetakiwa kukimbia ni yeye, siyo sisi tunaopapasa funguo gizani. Nilisisitiza vihisi vya sumaku, vinavyojua mlango au dirisha likifunguliwa, viwekwe kwanza kwenye milango yote ya nje, ukiwemo wa jikoni ambao fundi aliuruka, na kwenye madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, kisha vyote vipangwe katika hali ya usiku, ambayo huwasha vya pembezoni na kuviacha vya ndani vimelala ili mtoto aende msalani bila kuamsha mtaa. Sumaku kubwa inayokuja na kihisi hicho huvumilia mwanya wa hadi sentimita 2, lakini chuma huidhoofisha sumaku na mawimbi ya redio pia, kwa hiyo kukibandika kwenye grili yenyewe, kama fundi alivyoanza kufanya, ni kujitafutia usumbufu. Kilihamishiwa kwenye fremu ya mbao iliyo nyuma yake.

Vihisi vya mwendo vilivyobaki, cha sebuleni na cha koridoni, ndivyo vilivyohitaji uangalifu zaidi. Kihisi cha aina hii hakimwoni mtu. Hupima tofauti ya joto linalopita mbele yake, na katika chumba chenye nyuzi 33 mwezi wa Februari tofauti kati ya ukuta na ngozi ya binadamu huwa ndogo. Ndiyo maana kinafaa kutazama njia ambayo mtu ataikatiza, badala ya ile atakayokuja nayo uso kwa uso, na mbele yake pasiwe na dirisha lenye jua la jioni wala pazia linalopeperushwa na feni. MotionProtect, kihisi cha mwendo cha Ajax, hufungwa kwenye kimo cha mita 2.4, hufika mita 12, na mtengenezaji anaeleza kuwa haisumbuliwi na mnyama asiyezidi kilo 20 na kimo cha sentimita 50. Paka wetu hupita atakavyo. Mjusi kafiri ni habari nyingine: akitambaa juu ya lenzi yenyewe, ukaribu humfanya aonekane mkubwa, na kwa kuwa fundi alikuwa amekifunga kihisi kando ya taa ya ukutani inayovuta wadudu, usiku mmoja tuliamshwa sote saa nane. Fundi alishauri tupunguze usikivu wa kifaa. Mimi niliona heri kukihamisha, maana mjusi hufuata chakula.

King'ora cha nje, StreetSiren, hufikia desibeli 113 na kinatosha kuamsha jirani, lakini viwanja vya kwetu Goba vimeachana, kwa hiyo nililipia pia huduma ya gari la doria kwa kampuni hiyo hiyo. Mkataba haukutaja muda wa kufika. Tulipobonyeza kitufe cha dharura kwa majaribio, mchana, chumba chao cha udhibiti kilipiga simu mara moja, ila gari lilifika baada ya muda ambao mwizi angekuwa ameshavuka barabara kuu na televisheni begani. Dereva, walieleza, hakuijua njia. Sasa ramani ya nyumba imo kwenye faili lao, na zoezi la usiku lililofuata lilikwenda vizuri zaidi. Anayenunua na adai zoezi hilo kabla hajamalizia malipo, tena alifanye usiku, mvua ikinyesha ikiwezekana, kwa sababu barabara za mitaa yetu wakati huo huwa nyingine kabisa.