Programu ya likizo maktabani: saa ya hadithi naisifu, zile nyota waziondoe

Mimi ni soja wa usiku, nalinda nyumba za kupanga Kileleshwa, Nairobi. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, na likizo hii ya Agosti badala ya kutoka kazini nikalale, nilikuwa natoka kazini napeleka watoto maktaba. Mama watoto anauza mitumba Gikomba, hawezi kufunga kibanda wiki tatu eti kwa sababu shule zimefungwa. Tuisheni ya likizo ilikatazwa na sheria ya elimu ya 2013, ingawa kwenye ploti yetu Umoja kuna mwalimu anayeifanya nyuma ya pazia kwa shilingi 100 kwa siku kila kichwa. Nina vichwa viwili: binti wa gredi ya tano na kijana wa gredi ya pili. Piga hesabu mwenyewe.

Jirani aliponiambia kuna maktaba ya umma yenye programu ya kusoma ya watoto, haina ada, Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu hadi saa sita, nikasema twende tuone. Jina la maktaba nalibakiza mfukoni, maana nina malalamiko mawili matatu na wale watu ni wazuri, sitaki mtu aitwe ofisini kwa ajili yangu. Naeleza niliyoyaona kwa siku kumi na tatu, nyingi zake nikiwa macho.

Nianzie getini, mahali ninapopajua. Kuna daftari: jina la mtoto, umri, saa ya kuingia, simu ya mzazi, na jina la atakayemchukua. Saa sita ikifika mtoto hatoki mpaka aliyeandikwa aonekane. Siku ya nne nilizidiwa na usingizi, nikamtuma shemeji. Soja akamkatalia. Shemeji alinipigia simu amechemka kama sufuria ya githeri, nami nikacheka peke yangu kitandani. Ukitafuta pa kumwacha mtoto, uliza kwanza habari ya lile daftari, vitabu viulize baadaye.

Nauli ilinikata zaidi ya kitu kingine. Asubuhi ni shilingi 70, mchana inashuka hadi 50, na kijana nilimpakata mpaka konda mmoja akaniambia huyu ana miguu mirefu kuniliko. Kadi ya kuazima unalipia mara moja, pesa ya mkate na maziwa. Ya kula mtoto anabeba kutoka nyumbani, lakini ndani hakuliwi. Saa nne wanatolewa kwenye ngazi na mandazi zao na chai ya chupa. Agosti ya Nairobi mnaijua. Vitabu vingi pale vimetoka ng'ambo kwa msaada, na humo watoto wa likizo wanajenga nyumba za mchanga ufukweni wakiwa na chupi tu. Wangu walikuwa wanavisoma wamevaa sweta mbili mbili, pua zinachuruzika.

Ukumbi ni mmoja. Hilo ndilo tatizo la kwanza, na si la maktaba hiyo pekee. Maktaba zetu watu wengi hawaendi kusoma vitabu vya maktaba; wanaenda na vyao, wanatafuta meza, kiti na kimya. Asubuhi utakuta vijana wa kidato cha nne wanaojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa mwisho wa mwaka, watu wa chuo, na mzee mmoja wa gazeti. Sasa weka kwenye kona watoto arobaini, utenganishe na kabati mbili za vitabu. Siku ya kwanza mkutubi alipoita "Paukwa!" na watoto wakajibu "Pakawa!", vile vichwa vya KCSE viliinuka vyote kwa pamoja kama swala waliosikia tawi limevunjika. Msichana mmoja akaja kulalamika, macho yamemwiva. Namwelewa. Mkutubi akafanya jambo la akili: kuanzia kesho yake hadithi ikahamia kibarazani nyuma, juu ya mkeka, na siku za manyunyu wakawa wanaitikia kwa kunong'ona. Hebu fikiria watoto arobaini wananong'ona "pakawa". Ilikuwa tamu kuliko kelele.

Saa hiyo ya hadithi ndiyo sababu ninaandika. Mkutubi ni mama wa makamo, watoto wanamwita Mwalimu ingawa si mwalimu. Anashika kitabu kifuani, picha zikiwatazama watoto, yeye anasoma kwa pembeni, shingo imepinda. Hasomi haraka. "Sahani!" "Ya mchele!" "Giza!" "La mwizi!" Hapo mimi, ambaye giza la mwizi ndilo linalonilipia kodi ya nyumba, nilijikuta naitikia kwa sauti. Akifika mahali patamu anafunga kitabu na kidole ndani yake, anauliza: "Sungura ameshaona simba amelala. Angekuwa ni wewe?" Kijana wangu, ambaye shuleni wanasema hazungumzi, alisimama akasema angemwamsha kwanza amuulize kama ameshiba. Mkutubi hakumwambia amekosea wala amepata. Alisema, "Haya, tuone kama Sungura ana akili kama zako," akafungua. Nimesoma shule miaka kumi na miwili na sikumbuki mtu mzima hata mmoja aliyefunga kitabu kuniuliza mimi ningefanya nini.

Cha pili kizuri ni mchezo wanaouita kuwinda kitabu. Mtoto anapewa kikaratasi chenye namba, anaingia kati ya kabati kuitafuta. Namba zenyewe ni za Dewey, mpangilio wa vitabu vya maktaba kwa mada, wa tangu 1876: 500 kwenda juu ni sayansi, wanyama wanyonyeshao wako 599, hadithi za jadi 398.2, fasihi ya Kiswahili 896.392. Binti yangu alipewa hiyo ya mwisho. Nilimwangalia akipita na kidole kwenye migongo ya vitabu, anasoma namba kwa midomo, anapita, anarudi, anainama, mwishowe anakaa chini kabisa sakafuni, maana Kiswahili kimewekwa rafu ya chini. Alirudi na kitabu na vumbi la magotini. Siku hizi nyumbani wamebandika namba. Sufuria ni 641, ambayo kweli ni ya mapishi, nilithibitisha. Mimi nimebandikwa 355. Nilidhani ni matusi, kumbe ni mambo ya jeshi.

Rafu hiyo ya chini inanipeleka kwenye lalamiko. Kabati la watoto lina rafu sita. Kiswahili kimepata moja na nusu, na hiyo nusu ni vitabu vya kiada vya mtaala uliokwisha kuzikwa. Kwa mtoto wa Umoja anayeota ndoto kwa Kiswahili na Sheng, hiyo ni dharau hata kama hakuna aliyekusudia kudharau. Mkutubi amejaribu kuziba pengo: anachapa hadithi kutoka African Storybook, ule mtandao unaotoa hadithi fupi bure kwa lugha nyingi za Afrika, anazipiga pini pembeni zinakuwa vijitabu. Zinachanika upesi, lakini ndizo zilizokuwa zinagombaniwa.

Na ndizo zilizoniingiza matatani. Wiki ya pili nilikuwa nimeegemea ukuta wa kibaraza, kofia imeshuka, nikasikia, "Baba wa wawili, uko macho?" Niko macho, nikasema, kama ninavyosema kazini. "Wewe ni wa Makueni, si ndiyo? Tusomee hii." Kijitabu cha Kikamba. Jamani, Kikamba nakizungumza tangu tumboni, lakini kukisoma mbele ya watu arobaini ni kazi nyingine. Nilijikwaa kwenye mstari wa kwanza, watoto wakacheka, wa kwanza kucheka akiwa binti yangu. Ukurasa wa tatu nikapata mwendo. Watoto wawili waliokielewa walikuwa wanawatafsiria wenzao kwa kunong'ona, wamevimba vichwa kama mawakili. Tangu siku hiyo watoto wakinipita wananiita Soja wa Hadithi. Kuna majina mabaya kuliko hilo.

Sasa nyota. Ukutani wamebandika karatasi kubwa ya manila yenye majina ya watoto wote, na kila ukimaliza kitabu unabandikiwa nyota ya gundi. Nyota kumi, boksi la kalamu za rangi. Wazo si baya likisemwa. Likifanywa, tazama: kijana wangu siku ya tano alikuwa na nyota kumi na moja. Nikajivunia. Kwenye matatu nikamuuliza, hebu nisimulie kimoja. "Ni cha kuku." Kuku alifanya nini? Akafikiri kidogo. "Kina kurasa kumi na sita." Kumbe alikuwa amevipanga vitabu vyote kwa unene, anachukua vyembamba tu, na hicho cha kuku alikuwa amekisoma mara tatu siku tofauti na kupata nyota tatu. Mjanja wa mjini, lakini kuku hamjui.

Binti yangu naye alishika kitabu kimoja cha Kiswahili, kurasa mia na ushee, alichokiwinda kule chini. Alikaa nacho wiki nzima. Anakisoma jikoni, anakisoma kwa mwanga wa simu yangu stima zikipotea. Kwenye manila alikuwa hana hata nyota moja, maana hajamaliza, na mtoto mmoja akamwambia hajui kusoma. Kesho yake nikamwona ameweka kile kitabu chini ya mkoba, ameshika cha kuku. Hapo usingizi ulinitoka wote.

Nilimwendea mkutubi saa sita, taratibu, si kwa ugomvi. Hakujitetea. Alisema anaona, lakini aliyetoa kalamu za rangi anataka idadi ya vitabu vilivyosomwa mwisho wa likizo, na nyota ni rahisi kuhesabu. Usiku huo nikamsimulia mpangaji mmoja pale kazini, mama wa Kimarekani anayechelewa kurudi na hupenda kupiga soga getini. Akacheka. Kwao, alisema, likizo ya miezi miwili mitatu ya kiangazi kila maktaba ina programu kama hiyo, na mchezo wa kutafuta kitabu chembamba wanaujua toka zamani. Ndiyo maana maktaba nyingi zimeacha kuhesabu vitabu, sasa mtoto anahesabiwa dakika au siku alizosoma. Nikampelekea mkutubi habari hiyo. Kwenye manila hakubadilisha kitu, ila alianza kumwita binti yangu kila asubuhi amwambie amefika wapi na nani amemkosea nani humo kitabuni. Kile cha kuku kikarudi rafuni.

Choo: kimoja cha watoto wote, maji yako kwenye pipa, kata inaelea. Mpe mtoto sabuni na umwambie aende kabla ya saa nne, baada ya hapo ni foleni. Siku ya michoro hakukuwa na karatasi za kutosha, wakachora wawili wawili. Sinema waliyoahidi haikuonyeshwa, projekta iligoma. Hayo sikuyaweka moyoni.

Ukiwa Eastlands na hutaki kuzunguka, ulizia ratiba za likizo maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya McMillan, ile maktaba kongwe ya mjini, ambayo kikundi cha Book Bunk, kilichoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kimeyakarabati. Buruburu nako kuna tawi la maktaba ya taifa. Na mkipita mjini, hata kama hamna muda wa kuingia popote, wapitishe watoto Mtaa wa Banda, karibu na Msikiti wa Jamia, wawaone simba wa mawe mbele ya McMillan. Jengo lile lilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni mtu kama babu yangu, aliyekuwa mpishi Parklands, hakuruhusiwa kukaa ndani kusoma. Niliwaeleza wangu hivyo tukiwa tumesimama pale. Kijana akapanda mgongoni mwa simba, akauliza kama babu alikatazwa na simba pia.

Je, ningewarudisha? Mwisho wa mwaka shule zikifungwa nitakuwa getini na daftari, mapema. Lakini nitamwambia mkutubi asiandike majina ya wangu kwenye manila. Anipe adhabu ya kusoma Kikamba tena, sawa.

Kitabu cha binti tulikirudisha siku mbili baada ya tarehe, kosa langu, nilikuwa zamu mbili mfululizo. Faini ilikuwa pesa ya peremende. Alilipa kutoka kwenye akiba yake, akangoja mkutubi agonge muhuri, kisha akakisukuma tena mezani: bado kurasa thelathini.