Permanent Way: juzuu mbili kuukuu za reli ambazo bado zina kazi

Mtu anayetaka kujua ni mwaka gani reli ilifika mahali fulani katika Afrika Mashariki, na kwa nini ilipitishwa hapo badala ya kwingine, hatapata mahali pazuri pa kuanzia kuliko Permanent Way cha Mervyn Hill. Kitabu hiki kina juzuu mbili, na kilichapishwa Nairobi na East African Railways and Harbours, shirika lililoundwa mwaka 1948. Juzuu ya kwanza inahusu reli ya Kenya na Uganda; ya pili, ya mwaka 1957, inahusu reli za Tanganyika. Zote mbili ni nzito, zimeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, na asiyependa habari za bajeti na nauli za mizigo atasinzia kabla reli haijatoka Mombasa. Hata hivyo, sizihesabu kuwa mapambo ya kabati.

Faida yake huonekana pale msomaji anapokuwa na swali mahususi. Chukua reli ya Voi hadi Kahe, ambayo ukiitazama kwenye ramani unajiuliza ni mfanyabiashara gani aliyeitaka. Jibu ni kwamba haikuanzishwa na biashara: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza liliijenga kutoka Voi kupitia Taveta ili kuwafuata Wajerumani, ikaungana na reli yao iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Muungano huo uliwezekana kwa urahisi kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zimechagua upana wa mita moja kati ya vyuma viwili vya reli. Ukiisoma habari hiyo kwa kulinganisha juzuu zote mbili, moja ikitazama kutoka Mombasa na nyingine kutoka Tanga, ndipo unapoelewa kwa nini ni afadhali kuzinunua pamoja.

Faida nyingine ni kurudisha mambo kwenye kipimo chake. Kila anayesimulia ujenzi wa reli ya Uganda, ile iliyotoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, huanza na simba wala watu wa Tsavo wa mwaka 1898, na mara nyingi huishia hapo hapo. Wakati huo huo, hesabu rasmi za ujenzi zinasema kwamba kati ya wafanyakazi 31,983 walioletwa kutoka India, 2,493 walikufa, na wengine zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Simba waliua makumi. Maradhi na ajali ziliua maelfu. Msomaji aliyezoea kupitia hesabu za aina hii, hata zikiwa kavu kama taruma la chuma, hawezi tena kuridhika na hadithi ya simba peke yake.

Lakini asomaye akumbuke ni nani aliyelipia uchapishaji. Hill alikuwa mhariri wa Kenya Weekly News, gazeti la walowezi, na hapa anaandika historia ya shirika kwa idhini ya shirika. Anapoeleza mabishano ya nauli za mahindi na kahawa, yafaa usome ukijua kiti alichokalia. Upande wa Wanandi wa magharibi ya Kenya, waliopambana na reli ya Uganda chini ya kiongozi wao Koitalel arap Samoei hadi alipouawa mwaka 1905, usiutafute humu, wala sauti ya vibarua Waafrika waliochimba tuta na kubeba mizigo. Kwa hayo yote kitabu ni shahidi wa fikra za waliotawala, na kwa maana hiyo pia kina thamani, ila si thamani waliyoikusudia.

Majina nayo yanataka uangalifu. Port Florence ndiyo Kisumu, ambako reli ilifika mwezi Desemba 1901. Thomson's Falls ndiyo Nyahururu. Broderick Falls ndiyo Webuye. Masafa ni kwa maili, na fedha ni kwa pauni. Reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, yaani reli ya kati na ile ya Tanga, iliyokamilika mwaka 1963, haimo, wala TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia.

Kwa anayenunua nakala kuukuu, ushauri wangu ni kuangalia kwanza kama kurasa za ramani na picha bado zimo, kwa maana wauzaji wengine huzikata na kuziuza peke yake. Juzuu ya kwanza ilichapwa tena baadaye, na kwa kazi ya marejeo toleo hilo linatosha. Toleo la awali ni la wakusanyaji. Mwenye uwezo wa kununua moja tu na ambaye kazi yake iko Tanzania achukue ya pili, kwa sababu habari za reli ya kati, kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hadi Kigoma mwaka 1914, ni vigumu kuzipata kwa mpangilio mahali pengine. Anayetafuta vichwa vya treni, namba zake na viwanda vilivyovitengeneza, atafute kitabu cha Roel Ramaer cha injini za mvuke, kisha aende Makumbusho ya Reli ya Nairobi akavitazame vilivyobaki.