Bafu la masta la nyumba ya zamani: ufundi nampa alama zote, ahadi za muda sifuri

Nyumba yetu ya Kijitonyama ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na bafu la masta lilibaki vilevile: vigae vidogo vya bluu, hodhi la kuogea la chuma lililomenyeka rangi, choo chenye tanki la juu la kuvuta mnyororo. Mume wangu ana goti bovu, na kuvuka ukingo wa lile hodhi kila asubuhi ilikuwa shughuli. Goti ndilo lililotufanya tuache kusema "mwakani".

Mafundi waliokuja kukagua, karibu wote walisimama mlangoni, wakachungulia, wakasema tailizi mpya zibandikwe juu ya zile za zamani na kazi itakwisha upesi. Bei zao tamu sana. Tuliyempa kazi alikuwa ghali kuliko wote, na ndiye pekee aliyetoa sarafu mfukoni akaanza kugonga ukuta kigae kimoja kimoja. Upande wa shawa vingi vililia uwazi, yaani nyuma hakuna simenti iliyoshika. "Mama, hapa nikibandika juu, mwakani utanitafuta na polisi," akaniambia. Halafu akafungua shingo ya shawa na kunionyesha bomba la chuma lilivyo ndani: kutu imejaa hadi kalamu ya wino haipiti. Miaka yote tulikuwa tunalaumu presha ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar.

Basi likavunjwa lote. Jiandaeni kwa vumbi, na kifusi ni gharama peke yake. Waulizeni mapema kirikuu ya kubebea analipa nani, maana kwetu iligeuka mabishano na saidia fundi waliokuwa wameshaweka koleo chini. Mabomba yakabadilishwa kuwa PPR, yale ya plastiki ya kijani yanayounganishwa kwa mashine ya moto. Kilichonifurahisha ni kwamba hakukubali kupiga plasta kabla ya kujaza maji kwenye mfumo na kuuacha usiku kucha. Kiungio kimoja nyuma ya sinki kilitoa jasho asubuhi. Kikakatwa, kikaunganishwa upya. Kingefunikwa na tailizi, tungekijua siku rangi ya chumba cha kulala ingeanza kuvimba.

Sakafu nayo ilifanyiwa hivyohivyo. Alipaka dawa ya kuzuia maji mara mbili, akaipandisha ukutani hadi juu ya kichwa upande wa kuogea, akaziba tundu la kutolea maji, akamwaga maji sakafuni na kuyaacha siku nzima. Mteremko aliupima kwa pimamaji, kama sentimita mbili kwa kila mita, kuelekea tundu. Leo nikimaliza kuoga hakuna dimbwi kona yoyote. Hodhi halipo tena, wala hakuna kizingiti. Mume wangu anaingia moja kwa moja, na kuna mshikio wa chuma uliofungwa kwenye tofali lenyewe.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni tailizi. Fundi alipiga hesabu bila kuongeza za kuvunjika na kukatwa, zikaisha ukuta mmoja ukiwa nusu. Boksi la tailizi za 30 kwa 60 lina vipande 8, sawa na mita za mraba 1.44, na kwa bafu lenye kona nyingi kama letu alipaswa kuongeza angalau asilimia 10. Tuliporudi dukani Kariakoo tukapewa jina lilelile, picha ileile kwenye boksi, lakini namba ya shedi, yaani toleo la rangi, tofauti. Ukutani ikaonekana wazi: moja nyeupe ya maziwa, nyingine ina unjano. Muuzaji akasema mwanga ndio unaonidanganya. Nilikuwa na risiti ya EFD, nikasimama palepale hadi akabadilisha na kuleta shedi yetu kutoka stoo, ambayo kumbe alikuwa nayo muda wote.

La pili ni muda. Jamaa anafanya kazi kwa mikono ya dhahabu halafu anatoweka. "Kesho asubuhi na mapema, mama" maana yake ni siku yoyote ambayo saiti yake nyingine haina kelele. Tulioga bafu la watoto kwa muda mrefu kuliko tulivyokubaliana, kwa foleni. Kilichonisaidia ni kwamba tulilipana kwa hatua: kuvunja, mabomba, tailizi, kufunga vyombo. Hatua isipokwisha, simu yangu haina salio la kutuma. Hapo alikuwa anatokea.

Kwenye vyombo alinishauri vizuri. Dukani walinishikia bango shawa ya kichwa kipana, ya mvua. Fundi akaniuliza tanki letu la maji liko kimo gani. Kila mita 10 za kimo zinatoa msukumo wa bar 1, na mnara wetu ni mita 6 tu. Bila pampu ile shawa ingekuwa pambo. Tukachukua kichwa kidogo, na maji yanachapa. Koki alitaka za shaba, nzito mkononi, kwa sababu maji ya kisima yana chumvi na zile nyepesi za kung'aa huchubuka haraka. Choo alikipimia kwanza shimo, sentimita 30 kutoka ukutani, ndipo nikaenda kununua. Kina vitufe viwili, cha lita 3 na cha lita 6, na tanki la maji la mnarani halijazwi tena mara nyingi kama zamani. Hita ya shawa ikavutiwa waya wake peke yake na swichi yake kwenye bodi ya umeme.

Yote pamoja, vifaa na ufundi, tulitumia kama milioni tano na nusu. Si ndogo. Choo cha wageni nacho kinasubiri zamu, na nitamwita fundi yuleyule. Ila mara hii hesabu ya maboksi napiga mwenyewe, na hela ya kuanzia atapata akiwa ameshavaa ovaroli.