Uzoefu wangu: mawakala wa kuthibitisha vyeti vya kutumika nje ya nchi

Nawapa mawakala nyota nne kwa nchi zisizo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961 (unaofuta hatua ya ubalozi kwa hati za nje), mbili kwa zilizomo. Nitaeleza.

Kama nchi iliyotoa vyeti na inayovipokea zote zimo kwenye mkataba na unatumika kati yao, kinachotakiwa ni apostili tu (hati moja inayothibitisha sahihi na muhuri wa cheti), na ubalozi hauhusiki kabisa. Wakala anayekudai "ada ya ubalozi" hapo anakupiga. Angalia orodha ya sasa ya mkataba mwenyewe kabla ya kulipa: Uchina ilianza kuutumia Novemba 2023 na Kanada Januari 2024, ila bei za baadhi ya mawakala bado hazijapata habari hizo.

Nje ya mkataba, wakala anaila ada yake kihalali. Cheti kinatoka kwa aliyekitoa au kwa mthibitishaji wa umma (mwanasheria mwenye mamlaka ya kuthibitisha nakala), kinapita wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozini. Vya shule mara nyingi huanzia wizara ya elimu. Kila ofisi inathibitisha sahihi na muhuri wa iliyotangulia, basi. Ukiruka moja, inayofuata haina cha kulinganisha na unarudishwa nyuma.

Sahihi ndizo zinazokwamisha watu wengi. Ofisi ina sampuli za sahihi za maofisa. Cheti cha zamani kilichosainiwa na mtu ambaye sampuli yake haipo hakipiti, hata kiwe halali vipi. Omba nakala mpya kwa msajili, usibishane dirishani. Cheti kilichofanyiwa laminesheni nacho ni shida, kwani muhuri haushiki juu ya plastiki. Na ukishapewa karatasi zilizobanwa pamoja, usizibandue ili upige skani: matundu ya pini yataonekana na zinaweza kukataliwa.

Apostili ina vipengele 10. Soma cha 2, jina la aliyesaini. Ukikuta la mwanasheria badala ya la ofisa wa chuo, ujue kilichothibitishwa ni sahihi ya mwanasheria kwenye nakala, si shahada yenyewe. Mawakala wanaipenda njia hii kwa wepesi wake. Wapo wapokeaji wa vyeti wanaoikubali, wapo wanaoikataa. Waulize wanaokusubiri huko, wakujibu kwa maandishi. Waulize pia kuhusu tafsiri, maana wengi hutaka apostili itangulie ili nayo itafsiriwe.

Apostili haina tarehe ya kuisha, lakini cheti cha polisi hutakiwa kiwe cha karibuni. Hicho kiombe mwisho.