Umehamia Uingereza unatafuta unga, kisamvu na dera? Maduka nimeyapanga kuanzia la kwanza mpaka la mwisho

Kila Septemba wanafunzi wapya wakianza kuingia huku maswali ni yaleyale, sembe inapatikana wapi, kisamvu je, dera la kuvaa nyumbani nitalipata wapi, na jibu wanalopewa ni "nenda duka la Waafrika" basi imeisha. Mtu anapanda treni mpaka London anarudi na mfuko mmoja wa unga na nauli imekula hela yote, kumbe mtaa wa pili kutoka chuoni kwake kuna duka la Mbangladeshi lina nusu ya vitu alivyofuata, ila vimekaa pale kwa majina ambayo hayajui. Kwa hiyo hapa napanga sehemu za kununua kama ninavyoziona mimi, naangalia bei, naangalia kama mali ni mbichi, na naangalia usumbufu wa kufika. Chakula kwanza, nguo baadaye. Walioko London wana maisha yao, mimi nawaza zaidi mtu wa Leicester, Coventry, Reading, Bristol, miji ya namna hiyo.

Namba moja: duka la Mhindi, Mpakistani au Mbangladeshi

Najua kuna watakaobisha kwamba namba moja ilitakiwa iwe duka la Waafrika, subirini kidogo. Wahindi wengi wa Leicester wametokea kulekule kwetu, Uganda, Kenya, Tanzania. Idi Amin alipowafukuza Waasia 1972, halmashauri ya jiji la Leicester ilifikia hatua ya kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester, wakaja hivyohivyo kwa maelfu, na walikuja na vyakula walivyozoea. Ndo maana ukipita Belgrave Road na Melton Road unakuta chipsi za mogo kwenye menyu, na mogo ni muhogo wetu tu. Kwenye friza za Wahindi mogo upo umeshamenywa na kukatwa, bei rahisi, unachemsha na chumvi au unaupika na nazi. Mimi huwa nanunua wa friza kuliko mbichi, kwa sababu mbichi unaouona unang'aa umepakwa nta ili usioze njiani, na mara nyingi umetoka mbali kama Costa Rica, ukifika nyumbani ukiupasua unakuta mistari myeusi ndani. Ukitaka mbichi lazima, mwombe muuzaji akate ncha kidogo uone, kama ndani ni mweupe chukua.

Mchicha hapa ndo kwao. Wabangladeshi wanaula kama sisi, ule mwekundu wanaita lal shak, na wenye mashina marefu wanaita data. Jumamosi asubuhi unakuta mafungu kabisa yana mizizi na udongo. Ukikosa, maduka ya Wajamaika yana callaloo ya kopo, ni mchicha huohuo, japo wa kopo umelainika mno na una chumvi, usiongeze nyingine kabla ya kuonja.

Vyakula vya jamii ya maharage usinunue pengine popote. Choroko, kunde, mbaazi, dengu, vyote viko kwenye mifuko ya kilo mbili na zaidi. Viungo vya pilau hivyohivyo, bizari nyembamba wanaita jeera, chukua mfuko mkubwa pamoja na iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, kwa sababu vile vichupa vya supamaketi ni wizi wa mchana kweupe, unalipa bei ya chupa halafu wanakuwekea kijiko cha bizari. Mchele wa pilau basmati unatosha kabisa, ila kwa wali wa nazi mimi naona basmati unakauka mno na unaachana punje punje, afadhali ule wa Thailand unaoitwa jasmine, una harufu na unashikana kidogo, sio Kyela lakini unakuondolea hamu.

Na nazi jamani. Kama jirani yako kuna duka la Wasri Lanka au watu wa Kerala, kwenye friza kuna nazi iliyokunwa tayari. Unaiweka kwenye maji ya moto, unapiga na blenda, unakamua, unapata tui zito na tui jepesi kama umetoka kukuna kwenye mbuzi. Kopo ni la dharura, na hata hilo geuza usome nyuma asilimia ya nazi, makopo hayafanani hata kidogo, mengine ni maji na gundi.

Nyama nitasema kwa kifupi. Bucha la halali lipo karibu na maduka haya haya, ila neno mutton kwa Waasia linaweza kuwa mbuzi na linaweza kuwa kondoo, kwa hiyo uliza kabisa kama ni goat. Ukitaka kuku anayekaribia wa kienyeji, mwenye supu, uliza hard chicken au boiler, huyo ni kuku mzee wa mayai, anapikwa muda mrefu lakini mchuzi wake una maana.

Namba mbili: duka la Waafrika

Hapa tunakuja kwa ajili ya unga hasa, na vitu vitatu vinne ambavyo Mhindi hana. Mengi ni ya Wanigeria, Waghana na Wakongo, kwa hiyo usishangae nusu ya duka ni yam (viazi vikuu) na mawese.

Unga ndo unawatesa watu kuliko kitu kingine kwa hiyo nielezee vizuri. Unachotafuta ni unga mweupe wa mahindi uliosagwa laini, mfuko umeandikwa white maize meal. Wa Kenya kama Jogoo au Pembe ukiukuta ndo mwenyewe. Wa Afrika Kusini, Iwisa na White Star, unapatikana kirahisi zaidi hata kwenye maduka ya Wasauzi, una chengachenga kidogo kuliko sembe yetu lakini ugali unatoka mzuri ukiupa muda jikoni. Wazimbabwe na Wazambia wanauita mealie meal, huo pia chukua bila wasiwasi. Sasa vya kukimbia: kwanza cornflour. Uingereza hii cornflour ni wanga wa kukolezea mchuzi, sio unga, ukisonga unapata gundi ya kubandikia mabango. Pili polenta, ni ya njano na ina chenga, ukibanwa sana sawa lakini usimpikie mgeni. Tatu ule wa Walatini wa P.A.N., huo umeshapikwa kiwandani kabla ya kusagwa, unavuta maji vibaya na hausongeki kama sembe. Na masa harina ya Wameksiko imepitishwa kwenye chokaa, harufu yake utaijua ukifungua tu mfuko. Wapenzi wa dona mtapata tabu, mara nyingi sembe ndo inaletwa.

Kisamvu kipo friza kwa Wakongo, wao wanaita pondu au saka saka, kimeshatwangwa. Kipike muda mrefu, usidanganyike na neno "tayari". Unga wa muhogo wa Wakongo, ule wa fufu, uko karibu na makopa, lakini zile chenga za muhogo za Wanigeria zinazoitwa gari ni kitu kingine, zimechachushwa na kukaangwa. Ndizi angalia: plantain za kukaanga ziko mpaka supamaketi, ila kwa ndizi nyama unataka matoke, waulize Waganda wananunua wapi, hawakosei hawa watu. Sukuma wiki sidhani kama inafaa kuhangaikia, spring greens za supamaketi ukizikatakata nyembamba hakuna atakayekuuliza.

Kwa nini basi sio namba moja? Bei, na mzunguko wa mali. Duka likiwa dogo na wateja wachache, unga unaweza kukaa pale mpaka wadudu waanze kulipa kodi. Angalia tarehe, bonyeza mfuko, ukiona utandoutando pembeni rudisha.

Namba tatu: begi la mtu anayekuja

Tiketi nyingi za kutoka kwetu zinampa mtu mabegi mawili ya kilo 23, na hapo kila mtu ana ndugu mwenye "kamzigo kadogo". Ushauri wangu, usijaze begi la watu kwa vitu vinavyopatikana hapa. Unga kilo tano kwenye begi ni dhambi. Agiza dagaa wa Kigoma waliokaushwa vizuri, ubuyu, pilipili ya kwenu, majani ya chai unayoyapenda (ingawa kusema ukweli chai nyingi inayonywewa Uingereza inatoka Kenya, ni vile wanaichanganya na kuinywa nyepesi).

Sheria zijueni lakini. Nyama na vitu vya maziwa kutoka Afrika haviruhusiwi kuingia, na samli ni maziwa, hata kama ni ya bibi na imefungwa kwenye chupa ya Konyagi. Asali inaruhusiwa kwa kiasi kidogo cha matumizi yako. Matunda na mboga mbichi nyingi zinataka cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo hakikisha kwanza kabla ya kumbebesha mtu. Miraa ndo kabisa, tangu Juni 2014 ni dawa ya kulevya kisheria, msimbebeshe mtu asiyejua. Na jumla ya vitu anavyoingiza abiria bila ushuru ni paundi 390, ukizidisha unatangaza mwenyewe.

Namba nne: supamaketi kubwa

Tesco, Asda, Morrisons za maeneo yenye mchanganyiko wa watu zina kona ya vyakula vya nje, plantain, bamia, nazi ya kopo, maharage. Ni karibu, iko wazi usiku, basi. Ila maharage ya borlotti ya kopo nayasifia, ni ndugu kabisa wa yale ya madoa, siku una njaa na hujaloweka kitu yanakuokoa.

Ya mwisho: kuagiza onlaini na vifurushi

Wauzaji wa kwenye magrupu ya WhatsApp wengine ni wazuri sana, wana mpaka maandazi na vileja vya Idi, lakini omba picha ya tarehe ya kuisha kabla hujatuma hela na usinunue kizito, maana delivari inakula faida yote. Kutumiwa kifurushi kutoka nyumbani: zawadi kutoka kwa mtu binafsi isiyozidi paundi 39 haikatwi kodi ya uingizaji, ikizidi utaletewa karatasi ya kulipa pamoja na ada ya kuhudumiwa, na hapo khanga ya elfu ishirini inageuka kuwa ya bei ya suti. Makampuni ya mizigo ya ndege nayo mengi yanapima ukubwa wa boksi sio kilo peke yake, kwa hiyo toeni hewa kwenye mifuko.

Nguo sasa

Mpangilio unabadilika. Kwa nguo begi linapanda namba moja, halafu Msomali, halafu maduka ya vitenge, onlaini mwisho kabisa tena mwisho mbali.

Khanga hapa ni adimu, zinakuja kwenye mabegi. Ni nyepesi, zinakaa bapa, na zinatumika kufungia vitu vinavyovunjika, kwa hiyo hakuna anayekataa kubeba doti moja. Anayekununulia Kariakoo au Biashara Street Mombasa mwambie akupigie picha ya jina kabla hajalipa, wakaka hasa, wao wanaangalia rangi tu, unaletewa fumbo la kumchamba mke mwenza na wewe unataka kumpa mama mkwe. Ikifika ifue peke yake mara ya kwanza, zinachuja.

Dera msihangaike kuagiza. Wasomali wanalo, baati ni dera hilohilo la kuvaa nyumbani, na baibui, shungi na mitandio vipo. Coventry Road pale Small Heath Birmingham, Stapleton Road Bristol, Southall, unaingia unachagua unashika kitambaa kwa mkono. Shika kweli, kuna vitambaa vya polista vinavyokutoa jasho hata Januari.

Vitenge London viko tele, Wentworth Street karibu na Liverpool Street, Ridley Road kule Dalston, Rye Lane Peckham. Vinauzwa yadi sita, wengi hawakukatii mbili, tafuta mwenzio mgawane. Geuza upande wa pili, wax halisi rangi inakolea pande zote mbili, ukiona nyuma kumepauka hiyo ni ya kuchapwa upande mmoja na bei yake iwe ya hivyo. Vlisco ya Uholanzi ni nzuri ila bei yake sio ya mtu anayelipa ada, labda ya harusi.

Kushona ndo kipengele. Fundi wa huku kwa gauni moja anaweza kukutoza bei ya magauni kadhaa ya Dar, kwa hiyo kama unaenda likizo beba kitambaa ushonewe kule. Kama huendi, tuma vipimo kwa fundi unayemjua, vipimwe na mtu mwingine sio wewe mwenyewe mbele ya kioo, na mwambie aache inchi moja ya ziada kwenye mishono ya pembeni, baridi ya huku na chipsi za mogo zinanenepesha.